Barua ya polisi ikifika: pointi za leseni Uingereza na namna ya kuishi nazo

Nyumbani trafiki akikupiga tochi pale Mombo anakuandikia elfu thelathini, unalipa, mnaagana. Nilikuwa naendesha Fuso la mizigo kati ya Tanga na Arusha kabla ya kuja huku kubeba boksi, kwa hiyo hesabu hiyo naijua. Hapa Uingereza faini ndiyo sehemu nyepesi. Kinachommaliza mtu ni pointi, na kwa ndugu zetu ninaowasaidia kusoma barua zao hapa Leicester, pointi nyingi zimeingia kwa sababu ya barua ambayo haikujibiwa, kuliko mguu mzito kwenye mafuta.

Mfumo wenyewe si mgumu. Leseni inaanza na sifuri. Kila kosa lenye pointi lina idadi yake, zinajumlishwa, na hakuna cha kuzishusha isipokuwa muda. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, mahakama inakufungia leseni, kwa kawaida si chini ya miezi 6. Kama ndani ya miaka 3 iliyopita ulishawahi kufungiwa kwa siku 56 au zaidi, inakuwa mwaka mzima, na kama ni mara mbili, inakuwa miaka 2. Hiyo miaka 3 inahesabiwa tangu siku ya kosa. Siku uliyolipa faini haihusiki. Halafu kuna mwaka wa nne ambao huwachanganya watu: makosa mengi ya kawaida hubaki kwenye kumbukumbu za DVLA, yaani mamlaka ya leseni, kwa miaka 4, lakini mwaka huo wa mwisho hayaingii tena kwenye ile 12. Ya ulevi hukaa miaka 11. Kampuni za bima nazo zina kalenda yao, kwa kawaida zinauliza miaka 5 nyuma.

Bei za makosa ni hizi. Spidi ni pointi 3 hadi 6. Taa nyekundu 3. Kutompisha mtu kwenye zebra 3. Simu mkononi 6. Kuendesha bila bima 6 hadi 8. Kutomtaja dereva polisi wakiuliza, 6. Tairi kipara 3, na ni 3 kwa kila tairi. Tiketi ya maegesho haina pointi, na barua ya halmashauri kwamba umeingia njia ya basi haina pointi. Utaona watu wanagombana wiki nzima na tiketi ya maegesho huku barua ya polisi imelala kabatini.

Barua ya kwanza

Kamera ikikupiga hakuna wa kukusimamisha. Barua inatumwa kwa jina lililo kwenye kadi ya gari, ile wanayoiita V5C, na inatakiwa imfikie mwenye jina ndani ya siku 14 tangu kosa. Kama gari ni la kampuni au la kukodi, barua ya kwanza inakwenda kwa kampuni, kampuni inakutaja wewe, ndipo unapata ya kwako. Hiyo ya pili ikikufikia baada ya wiki tano bado ni halali, kwa hiyo usishangilie mapema.

Soma inauliza nini. Haikuulizi kama unakubali kosa. Inauliza nani alikuwa anaendesha, na inakupa siku 28 kujibu. Mtu anasoma "maili 36 penye 30", anakasirika, au anaogopa, anaichomeka juu ya friji katikati ya vipeperushi vya piza. Siku 28 zinapita. Kosa la spidi ambalo lingeisha kwa kozi fupi ya mafunzo ya spidi bila pointi hata moja sasa limezaa lingine, la kutomtaja dereva: pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Kwenye rekodi linaandikwa MS90, na watu wa bima wakiiona hiyo wanakutilia shaka kuliko dereva wa spidi, maana kwao ni mtu anayekwepa.

Kwa hiyo jibu, hata kama unabisha. Kubisha kuna wakati wake baadaye. Jaza fomu, weka saini (fomu isiyo na saini ni sawa na fomu ambayo hukutuma), piga picha kurasa zote. Ukiituma kwa posta, mwombe yule wa dirishani uthibitisho wa kutuma. Hautozwi kitu, anakupa kikaratasi chenye tarehe, na kikaratasi hicho kishamwokoa jirani yangu mmoja aliyeambiwa hakujibu.

Jambo la anwani nalirudia kila nikikutana na kijana aliyehama chumba. Anwani ziko sehemu mbili. Moja iko kwenye leseni, nyingine kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha moja, nyingine haijui. Barua za kamera hufuata kadi ya gari. Umehama Leicester kwenda Coventry, leseni umebadilisha, kadi umeisahau, basi barua zinaangukia kwenye zulia la nyumba ya zamani na anayeishi pale anazitupa. Kesi inasikilizwa na hakimu mmoja kwa makaratasi bila wewe kuwepo, unahukumiwa, na unakuja kujua siku polisi amekusimamisha kwa jambo lingine kabisa. Likikupata hilo, ipo njia: unakwenda mahakamani au kwa wakili ukaape kwa maandishi kwamba hukujua kuhusu kesi, na hukumu inafutwa ili kesi ianze upya. Inabidi uifanye ndani ya siku 21 tangu ulipojua. Ukijua Jumatatu, anza kupiga simu Jumatatu hiyohiyo.

Barua ya pili

Ukishajitaja, unaletewa moja kati ya mambo matatu: kozi, faini ya pauni 100 na pointi 3, au mahakama. Kinachoamua ni spidi. Kisheria penye 30 umevunja sheria ukifika 31, ila mwongozo wa polisi ni kuchukua kikomo, kuongeza asilimia 10, kisha maili 2. Penye 30 wanaanza kwenye 35, na kozi inaweza kutolewa hadi 42. Penye 40 ni kati ya 46 na 53. Barabara kuu ya 70, kati ya 79 na 86. Huo ni mwongozo tu, polisi wa eneo wana hiari yao, usiende kuwaonesha hesabu hii kama risiti. Scotland haina kozi ya spidi kabisa.

Ukipewa kozi, ichukue. Unailipia mwenyewe, bei yake haiko mbali na ile faini, unakaa karibu saa 3 mbele ya kompyuta, pointi hupati. Wanataka kukuona usoni muda wote, na kitambulisho kiwe karibu. Kuna mshikaji alitolewa nje kwa sababu alikuwa anapika ubwabwa huku akisikiliza. Hutapewa tena kozi kama ulishafanya ya aina hiyo kwa kosa la ndani ya miaka 3.

Ukipita kiwango cha kozi kwa kidogo, unapewa pauni 100 na pointi 3. Ukipita sana, mahakama, na huko faini inapimwa kwa mshahara wako wa wiki. Penye 30, ukipigwa kati ya 41 na 50 na kesi ikafika kwa hakimu, ni kama mshahara wa wiki nzima na pointi 4 hadi 6, au kufungiwa siku 7 hadi 28. Kuanzia 51 ni wiki moja na nusu, pointi 6, au kufungiwa hadi siku 56.

Sasa spidi yenyewe, maana wageni tunapigwa sehemu zilezile. Vibao vya huku ni maili: 30 ni kama kilomita 48, kwa hiyo ukiwa umezoea hamsini ya vijijini, uko hapohapo. Mtaa wenye taa za barabarani na usio na kibao chochote, hesabu ni 30. Usisubiri kibao, angalia nguzo za taa. Wales, tangu tarehe 17 Septemba 2023, mitaa kama hiyo ni 20. Na wenzangu wa van: kile kibao cha duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari hakimaanishi "endesha utakavyo". Kwa gari dogo ni 60 kwenye barabara isiyotenganishwa na 70 kwenye iliyotenganishwa. Kwa van ni 50 na 60. Barabara kuu zile za M ndipo nasi tunaruhusiwa 70. Vijana wanaoanza kazi ya vifurushi wanaifuata Corsa, gari dogo, iliyo mbele yao na kushangaa kamera imewachagua wao.

Usimbebee mtu pointi

Hili linaletwa mezani kwangu kama ombi la kawaida. "Kaka, wewe leseni yako safi, nichukulie hizi tatu, mimi nina tisa." Jibu langu ni kumsimulia habari za Chris Huhne. Mwaka 2003 gari lake lilipigwa na kamera kwenye M11 akitoka uwanja wa ndege wa Stansted, na mkewe, Vicky Pryce, akajaza fomu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Mwanamume akaja kuwa waziri wa nishati. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka, na mwaka 2013 wote wawili wakahukumiwa miezi 8 jela kila mmoja kwa kupotosha haki. Waziri, kwa pointi 3 za miaka kumi nyuma. Mimi na wewe wenye viza za kuhesabia siku tutasemaje?

Na kama kweli hamkumbuki nani alikuwa anaendesha, andikieni polisi kuomba picha. Mara nyingi sura haionekani, lakini gari, saa na mtaa vinasaidia kumkumbusha mtu alikuwa wapi.

Bima inamfuata dereva

Nyumbani gari likiwa na bima, anayeendesha ana leseni, mambo yameisha. Huku bima inaandikwa kwa majina. Na mahali pa hatari kwetu ni kwenye misiba na harusi. Watu wamejaa sebuleni Birmingham, viatu vimepangana hadi mlangoni, simu inalia kwamba shangazi ameshuka stesheni, na mzee anamrushia kijana aliye karibu funguo: "Nenda kamlete, dakika kumi tu." Kijana jina lake halimo. Kamera za polisi zinasoma namba ya gari, askari akimsimamisha anaangalia jina, na hapo kuna makosa mawili. Kijana anapata pointi 6 kwa kuendesha bila bima pamoja na faini ya pauni 300 kama hapelekwi mahakamani. Mzee mwenye gari naye anaweza kupata 6 hadi 8 kwa kuruhusu. Gari linavutwa, na shangazi bado yuko stesheni na mabegi yake.

Dawa ipo na ni rahisi: bima ya saa chache au ya siku moja, inanunuliwa kwenye simu huku chai inapikwa. Kuna wanaosema, "Mimi bima yangu ni kubwa, inaniruhusu kuendesha gari lolote." Fungua cheti chako usome. Wengi hawana hicho kipengele, na walio nacho mara nyingi kinalipa hasara ya mtu mwingine tu, gari ulilopewa halimo.

Kuna bila-bima nyingine iliyojificha, ya matumizi. Dada zetu wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani wana bima inayowaruhusu kwenda kazini na kurudi. Kazini maana yake sehemu moja. Kutoka kwa mzee wa kwanza kwenda kwa wa pili, kwenda kwa wa tatu, hayo ni matumizi ya biashara, na yasipoandikwa unaweza kuhesabiwa huna bima. Vivyo hivyo anayebeba chakula au vifurushi kwa gari la nyumbani. Piga simu kwa bima, sema kazi yako kama ilivyo. Nyongeza yake mara nyingi ni ndogo, na kwa walezi ni ndogo zaidi ya wabeba chakula.

Simu, na sarafu ya senti 20

Simu mkononi ni pointi 6 na pauni 200. Tangu tarehe 25 Machi 2022 sheria ilibanwa: kupiga picha, kutafuta wimbo, kuangalia saa, yote ni makosa simu ikiwa mkononi. Mataa yakiwa mekundu na umesimama, bado unaendesha. Foleni vilevile. Kilichoruhusiwa ni kulipa kwa simu pale dirishani pa baga, gari likiwa limesimama. Voisi za WhatsApp za kutoka nyumbani ndizo zinatumaliza, kwa sababu mama akituma voisi ya dakika nne unaona ni dharau kusubiri. Weka simu kwenye kishikio kabla hujawasha gari, au kwenye dashibodi ndani. Mama ataelewa.

Matairi angalia mwenyewe. Chukua sarafu ya senti 20 ya huku (20p), ichomeke kwenye mfereji wa tairi katikati. Ile pete ya pembeni ya sarafu ikizama yote, uko salama. Ukiiona pete, tairi liko karibu au limeshapita kikomo cha milimita 1.6, lipeleke kwa fundi. Fanya sehemu tatu kwa kila tairi, na zungusha usukani ili uone upande wa ndani wa matairi ya mbele, maana huko ndiko yanakolika bila kuonekana. Manne yakiwa kipara unaweza kufika pointi 12 kwa siku moja, na faini inaweza kufika pauni 2,500 kwa kila moja.

Leseni ya nyumbani na leseni mpya

Leseni ya Tanzania au Kenya unaitumia kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huku. Haibadilishwi kwa kujaza fomu na kulipia kama ya Afrika Kusini. Unachukua ya lena ya huku na kufanya mitihani yote miwili. Miezi 12 ikipita ukaendelea kuendesha, una kosa la leseni na kuna hatari ukahesabiwa huna bima pia. Usidhani kwamba leseni ya nje haipati pointi. DVLA wanakufungulia faili, pointi zinakaa humo, na ukipata leseni ya huku zinakungoja.

Ukifaulu, kwa miaka 2 ya kwanza hukuwekewa 12. Umewekewa 6. Haijalishi nyumbani uliendesha basi miaka ishirini, saa inaanza siku uliyofaulu hapa. Na zikifika 6, hakuna hakimu wa kumsihi, DVLA wanatuma barua na leseni inafutwa. Unarudi kwenye lena, maswali 50 ambayo unatakiwa upate 43, klipu za hatari (video za kutambua hatari barabarani), foleni ya kusubiri mtihani wa barabarani ambayo kila mtu anaijua. Tazama tena ile orodha ya bei: simu mara moja, 6. Bima mara moja, 6. Barua moja isiyojibiwa, 6. Na kinachoangaliwa ni tarehe ya kosa, kwa hiyo kosa la mwezi wa 23 linakupata hata kama pointi zimeandikwa mwezi wa 26.

Ukiwa na 9

Hapo hakuna tena pauni 100 kwa posta. Pointi 3 zijazo zinakupeleka mahakamani, na hakimu anatakiwa akufungie. Unaweza kuomba usifungiwe kwa kueleza kwamba adhabu italeta shida ya kupindukia. Neno "nitapoteza kazi" peke yake mara nyingi halitoshi, kwa sababu karibu kila anayesimama pale analisema. Wanasikiliza zaidi shida ya wasio na hatia: mtoto mgonjwa unayempeleka hospitali na hakuna wa kukupokea, mzee anayekutegemea, na uwe na barua za daktari na za mwajiri mkononi. Sababu uliyoitumia leo huwezi kuitumia tena ndani ya miaka 3. Tafuta wakili wa barabarani kabla ya siku yenyewe, na usiendeshe kwenda mahakamani ukiwa peke yako, maana ukifungiwa unafungiwa palepale na gari litabaki kwenye maegesho.

Kujua una ngapi ni bure. Ingia tovuti ya serikali, gov.uk, sehemu ya kuangalia taarifa za leseni, ukiwa na namba ya leseni, namba ya National Insurance na postikodi. Humo utaona kila kosa, tarehe yake na siku litakapotoka. Mwajiri akitaka kuona, unamtengenezea namba ya siri hapohapo, inafanya kazi siku 21. Pointi zikimaliza muda zinatoka zenyewe bila barua wala malipo, kwa hiyo yule jamaa wa kwenye magrupu anayesema ana mtu ndani ya DVLA wa kukufutia kwa pauni 400, mpite.